Mfumo wa Macintosh Ndani ya Kompyuta ya Atari

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski, kioo na kibodi ya kompyuta, na ndio ambao programu nyingine zote huutegemea ili zifanye kazi. Na kwa kuwa kwa kawaida hununuliwa pamoja na kompyuta yenyewe, watu wengi huuhesabu kuwa kiungo cha mwili wake, kisichoweza kuishi katika kompyuta ya kampuni nyingine. Fikra hiyo ilitiwa dosari mapema, mwaka 1986, pale mwanaprogramu wa Marekani David Small alipotengeneza kifaa kilichoitwa Magic Sac, ambacho kiliiwezesha kompyuta ya Atari ST kuendesha mfumo wa Macintosh, kompyuta ya kampuni shindani ya Apple.

Kilichowavutia wanunuzi kilikuwa bei, kwa kuwa Macintosh ya kwanza iliuzwa kwa dola 2,495 mwaka 1984, na mwaka uliofuata Atari ikaitoa 520ST pamoja na kioo chake cha rangi moja kwa takriban dola 800. Kilicholiwezesha jambo lenyewe kilikuwa prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu moja baada ya jingine: kompyuta zote mbili zilitumia Motorola 68000, ile ya Apple kwa kasi ya megahezi 7.83 na ile ya Atari kwa megahezi 8. Prosesa haijui jina lililobandikwa nje ya sanduku, na agizo linaloeleweka ndani ya Macintosh hueleweka vilevile ndani ya Atari, kwa hiyo hapakuhitajika mkalimani wa kupunguza kasi ya kazi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mfumo wa Macintosh haikuwamo katika disketi. Ilikuwa ndani ya ROM, yaani kumbukumbu ya kudumu isiyofutika umeme unapozimwa, ambayo katika Macintosh ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 64 na ilibeba taratibu za kuchora madirisha, menyu na herufi. Namna programu zilivyoziita taratibu hizo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndipo ulipo ufunguo wa kisa kizima. Katika 68000 kuna kundi la maagizo, yote yakianza na alama A ya hesabu ya kumi na sita, ambalo Motorola haikulipa kazi yoyote, na prosesa ikikutana na agizo la kundi hilo huiacha kazi iliyokuwa ikiifanya na kutafuta maelekezo mahali palipotengwa katika kumbukumbu. Apple iliifanya nafasi hiyo kuwa mlango wa kuingilia ROM. Programu ya kuandikia barua ilipotaka kuchora mstari haikukigusa kioo yenyewe, bali ilitoa agizo la A na kuiachia ROM shughuli hiyo, kwa hiyo aliyeweza kuipandisha ROM ile katika Atari na kuielekeza kwenye kioo cha huko aliweza kuihamisha programu bila yenyewe kung'amua. Zilizokwama ugenini ni zile zilizoukiuka utaratibu huo na kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kioo, tabia waliyoipenda mno waandishi wa michezo. Zilizoutii zilipata hata faida, kwa sababu kioo cha Atari kilikuwa na nukta 640 kwa 400, ilhali cha Macintosh kilikuwa na 512 kwa 342 tu.

Taabu kubwa ilitoka mahali ambapo wengi wasingepashuku, yaani kwenye disketi. Disketi za kampuni zote mbili zilikuwa za inchi tatu na nusu na zilifanana kwa sura, lakini Macintosh ilibadili kasi ya kuizungusha disketi kadiri kichwa cha kusomea kilivyosogea, ili njia ndefu za ukingoni zibebe sehemu 12 za data na zile fupi za karibu na kitovu zibebe 8, ilhali Atari iliizungusha kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho. Matokeo yake, mtu alikuwa na mfumo wa Macintosh uliokuwa ukifanya kazi mbele yake na disketi halali ya Macintosh mkononi, na vitu hivyo viwili havikuweza kukutana. Ufumbuzi mmoja ulikuja mwaka 1989 kwa kifaa kingine cha Small, Spectre GCR, ambacho, kwa kuwa hakikuweza kubadili mwendo wa disketi, kilibadili mwendo wa kuisoma.

Sheria nayo ilikuwa na neno lake. Mwaka 1983 mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi ya Apple dhidi ya kampuni ya Franklin, iliamua kwamba programu iliyomo ndani ya ROM inalindwa na hakimiliki sawa na programu nyingine yoyote, na ndiyo maana vifaa vya Small viliuzwa vikiwa na matundu matupu, mnunuzi akiachiwa jukumu la kujitafutia chipu halisi za Apple na kuzichomeka mwenyewe. Yafaa kusema kwamba huo ulikuwa uungwana zaidi kuliko ujanja: aliyetumia mfumo wa Apple alikuwa ameilipia ROM yake, ingawa hakununua kompyuta yake.

Leo 68000 haimo tena katika kompyuta za mezani, kwa hiyo mfumo huo wa zamani huendeshwa kwa programu-igizi, yaani programu inayojifanya kompyuta nzima na kulifasiri kila agizo kwa lugha ya prosesa iliyopo. Miongoni mwake ni Mini vMac na Basilisk II, ambayo mwandishi wake, Christian Bauer, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya namna hiyo kwa kompyuta za Amiga. Ufasiri huo hula nguvu nyingi, lakini prosesa za sasa zimeizidi 68000 kwa mbali kiasi kwamba mtumiaji hauhisi. Kisichobadilika ni sharti la mwanzo: programu hizo nazo hutolewa bila ROM ya Apple, na anayetaka kuzitumia kihalali hana budi kuinakili kutoka katika Macintosh ya zamani anayoimiliki mwenyewe.