Ketoni: Harufu ya Asetoni Mdomoni Inatuambia Nini?



Ni Kwaresima. Mwenzako bwenini ana kiu isiyoisha, anatapika, anapumua kwa kasi, na pumzi yake inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wepesi wa kuhukumu watasema amelewa. Huenda hajagusa pombe kabisa. Harufu ile ni ya asetoni, na asetoni ni ketoni, wakati kilevi cha pombe ni alkoholi. Kwa umbo havipishani sana, lakini kosa la kuvichanganya linaweza kugharimu uhai.

Molekuli nyingi za viumbe hai zimejengwa juu ya mnyororo wa kaboni na hidrojeni. Mnyororo wenyewe ni mpole. Kinachoupa tabia ni kikundi kidogo cha atomu kilichopachikwa juu yake, nacho tutakiita kundi tendaji. Oksijeni iliyobeba hidrojeni ikishikana na kaboni kwa kifungo kimoja, tunapata alkoholi, kama ile ya divai. Oksijeni ikishikwa kwa vifungo viwili na kaboni iliyo katikati ya kaboni nyingine mbili, hiyo ni ketoni. Asetoni, yenye kaboni 3 tu, ndiyo ketoni ndogo kuliko zote. Lipo pia kundi la kaboksili, ambapo kaboni moja ya mwishoni imeshika oksijeni mbili, mojawapo ikiwa na hidrojeni iliyo tayari kuachiwa. Ndilo linaloipa siki ukali wake.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Mtu asipokula kwa muda mrefu, ini huchukua mafuta na kutengeneza kinachoitwa miili ya ketoni, ili ubongo usikose nishati. Kwa mwenye afya insulini huzuia kiasi hicho kisizidi. Lakini mwenye kisukari, hasa cha aina ya kwanza, akikosa insulini, ini huendelea kutengeneza bila breki, ingawa damu yake imejaa sukari.

Miili hiyo ni mitatu: asetoni, asidi ya asetoasetiki na asidi ya beta-hidroksibutiriki. Hapa jina linatudanganya kidogo, kwani huyo wa tatu si ketoni. Mahali pa vifungo viwili ana kundi la alkoholi. Tena hao wawili wa mwisho wana kaboksili, ndiyo maana damu inageuka kuwa na asidi. Asetoni haina kaboksili. Tunachonusa, basi, sicho kinachoidhuru damu. Ni moshi unaotuonyesha moto uliko. Na si kila pua inaweza kuinusa.

Jambo hili lina uzito hata zahanati. Kijiti cha kupimia ketoni kwenye mkojo hubadilika rangi kikikutana na asetoasetiki. Beta-hidroksibutiriki hakiioni, kwa kuwa haina kundi la ketoni. Mgonjwa akizidiwa, hiyo isiyoonekana ndiyo huwa nyingi zaidi. Kijiti kinaweza kuonyesha ketoni kidogo wakati hali ni mbaya, kisha kikakolea rangi matibabu yakianza kufanya kazi, maana beta-hidroksibutiriki inarudi kuwa asetoasetiki. Kipimo cha damu, pale kilipo, hupima hiyo yenyewe.

Kwa hiyo mwenye dalili hizo asiachwe alale eti pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja, na wanaompeleka waseme kama ana kisukari. Wengine hugundulika kuwa nacho siku hiyohiyo.

Kuhusu mfungo, Kanuni ya 1252 huwabana waamini tangu umri wa utu uzima, miaka 18, hadi wanapoanza mwaka wa 60, na mgonjwa ambaye kufunga kutamdhuru habanwi. Mwenye kisukari anayetamani kufunga aonane na daktari kabla ya Jumatano ya Majivu, wala asiache insulini kwa uamuzi wake mwenyewe, hata siku ambayo hajala.