Kuanza Kunyoa kwa Wembe wa Kukunja

Vijana wanaofika kliniki ya ngozi wakiwa na vipele vya ndevu huuliza mara kwa mara iwapo wembe wa kukunja, ule ambao bapa lake hujificha ndani ya mpini, utawaponya. Huweza kuwasaidia baadhi yao, lakini hutegemea ngozi ya mtu na mkono wake.

Ndevu zilizojikunja, ambazo ndizo za wengi wetu, zikikatwa huacha ncha iliyochongoka. Ncha hiyo ikikua hupinda, ikarudi na kuichoma ngozi, na mwili huipokea kama unavyoupokea mwiba. Nyembe zenye makali mawili au matatu yaliyopangwa pamoja huuvuta unywele kabla ya kuukata, hivyo ncha hubaki chini ya ngozi na kuanza kujikunja humo humo. Wembe wa bapa moja hauna mvuto huo. Hata hivyo, ukinyoa kinyume cha uelekeo wa ndevu, au ukiivuta ngozi mno kwa vidole, faida hiyo hupotea.

Mwenye vipele vibichi asianze leo. Aache kunyoa kwa wiki nne hivi, au apunguze ndevu kwa mashine bila kugusa ngozi. Wenye makovu yanayovimba, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na wenye mikono inayotetemeka, nawashauri wabaki na mashine. Vivyo hivyo mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijadhibitiwa.

Kabla ya kila kunyoa, wembe hupitishwa juu ya mkanda wa ngozi uliokazwa, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Unapogeuza, geuzia juu ya mgongo, la sivyo utaukata mkanda na kuyaharibu makali. Mkanda huyanyoosha makali tu. Ukali ukiisha, kazi hiyo ni ya kinoo, na anayeanza ampelekee fundi. Wembe butu una hatari kuliko ulio mkali, kwa maana humlazimisha mtu kukandamiza.

Osha uso kwa maji ya vuguvugu, paka povu, kisha subiri dakika tatu ili ndevu zilainike. Ulaze wembe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi juu ya ngozi, ushuke polepole kufuata uelekeo wa ndevu, mara moja tu. Usiuburute kwa urefu wa makali yake. Hapo hukata ngozi kama kisu kikatavyo nyanya. Wiki za kwanza nyoa mashavu pekee. Kidevu na juu ya mdomo, penye mikunjo mingi, malizia kwa chombo ulichozoea. Si aibu: wako vinyozi waliojifunzia juu ya puto lililopakwa povu.

Wembe huu ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu isiyoonekana kwa macho. Kuufuta wembe kwa spiriti baina ya mteja na mteja hakutoshi, na mkanda wa ngozi hautakasiki. Kwa hiyo kinyozi na atumie mpini wa bapa la kubadilisha, afungue jipya mbele ya mteja. Nyumbani nako, ndugu wasiazimane wembe, wala jiwe la shabu la kuzuilia damu.

Kwa wenzangu wa zahanati: kabla ya kuandika antibayotiki, muulize mgonjwa hunyoa kwa chombo gani, mara ngapi na wapi. Muulize pia kuhusu krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali; hutuliza vipele kwa siku chache, kisha zikitumiwa kwa muda mrefu huikondesha ngozi. Mwenye uvimbe mgumu unaokua kwenye taya au kisogoni apewe rufaa mapema, kovu lingali dogo.