Kodi, Pango na Kanda: Istilahi za Makazi Mijini

Miongoni mwa istilahi zinazotumika mijini, ni chache zinazogusa mfuko wa mwananchi kila mwezi kama zile za nyumba za kupanga. Hata hivyo, kundi hili limeachwa nyuma. Tuna istilahi za benki na za bandari zilizopangwa vizuri, lakini mkataba wa chumba kimoja cha Manzese au Mwananyamala bado huandikwa kwa maneno ambayo kila upande huyaelewa kwa namna yake. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, jambo hili si la wanaisimu peke yao. Karatasi iliyoandikwa na dalali kwa haraka yaweza kufika mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na neno lililomo likapimwa kama lilivyo.

Tuanze na neno kodi. Katika matumizi ya kila siku lina maana mbili: fedha anazolipwa Serikali kwa mujibu wa sheria, na fedha anazolipwa mwenye nyumba kwa mujibu wa mapatano. Kwa muda mrefu maana hizi ziliishi pamoja bila kugombana, kwa kuwa mlipaji alijua anakwenda dirisha gani. Mambo yalibadilika Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Anayenunua umeme katika nyumba nyingi za mjini ni mpangaji. Kwa hiyo mpangaji alijikuta akilipa kodi ya jengo lisilo lake, na alipomwendea mwenye nyumba kudai irudishwe, aliweza kujibiwa kwamba mkataba wao unasema wazi, "Kodi italipwa na mpangaji." Mkataba ulisema hivyo kweli. Waliouandika walikuwa na maana ya pili, na aliyeutetea akashika ile ya kwanza.

Kuna mfano mwingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitaka kampuni inayopanga nyumba izuie sehemu ya malipo na kuipeleka Serikalini. Mhasibu akitaka kuieleza hiyo kwa mazoea ya mtaani, atalazimika kusema "kodi ya kodi ya nyumba," kauli ambayo hata mwenyewe ataicheka.

Dawa haiko mbali. Neno pango limo katika lugha, nalo halina maana ya ushuru hata kidogo. Maana yake nyingine, ile ya shimo la mwambani, haiwezi kumchanganya mtu anayetafuta chumba. Pendekezo letu ni kwamba kodi libaki kuwa la Serikali, na pango liwe la mwenye nyumba, hasa katika maandishi ya mikataba. Kikwazo ni kwamba ofisi za ardhi zenyewe huandika "kodi ya pango la ardhi." Ukiitazama kauli hii utaona kwamba pango lina haki ya kuwapo: chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati hulipa kila mwaka kwa kuikalia. Yeye naye ni kama mpangaji. Kwa maoni yetu lililozidi ni neno kodi. "Pango la ardhi" lingetosha.

Upande wa mipango miji, tatizo liko katika mzizi wenyewe. Kupanga ni kutia mambo katika utaratibu, na kupanga ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa malipo. Hivyo "mamlaka ya upangaji," inayotajwa katika nyaraka za mipango miji, huweza kudhaniwa kuwa ofisi ya kusimamia vyumba vya kupanga. Mpangaji abaki yule wa chumbani. Wa ofisini ana jina lake tayari, Afisa Mipango Miji, na mamlaka yake iitwe mamlaka ya mipango miji, tusiikate jina.

Kugawa mji katika maeneo ya matumizi mbalimbali baadhi ya watu hukuita "kugawa kanda." Neno ni zuri, lakini Watanzania wameshalizoea kwa maeneo makubwa, kama Kanda ya Ziwa. Isitoshe, lina historia. Dar es Salaam ya kikoloni iligawanywa katika kanda tatu kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa, na wakazi wakazipa majina yaliyosema ukweli kuliko kanuni zenyewe: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kwa sababu hiyo twapendelea "matumizi ya ardhi," ambayo pia hulenga kiini cha ugomvi. Mtu anapofungua baa au gereji katikati ya nyumba za kuishi, majirani humwambia hana ruhusa, naye hujibu kwamba kiwanja ni chake na hati anayo. Wote wasema kweli, ila wanazungumzia mambo mawili: hati inathibitisha umiliki, nayo pia inataja matumizi. Anayetaka kutoka makazi kwenda biashara hana budi kuomba kubadili matumizi.

Limebaki neno ujazo. Viwanja huitwa vya ujazo wa juu, wa kati na wa chini, na wanunuzi wengi hudhani kwamba kiwanja cha ujazo wa juu ndicho kikubwa, kwa kuwa shuleni ujazo ni kipimo cha kiasi cha maji katika pipa. Kumbe ni kinyume chake: ujazo wa juu maana yake ni nyumba nyingi zilizosongamana, na viwanja vidogo. Hapa twashauri neno msongamano. Dalali hatalipenda, maana "kiwanja cha msongamano mkubwa" hakiuziki kwa urahisi.