Herufi Nono na Kazi Zake

Wenzangu, tulipopanga jalada la jarida hili wengi walililia herufi nono za mviringo, zile mithili ya maandazi. Maarufu kati ya hizo ni Cooper Black, chapa iliyochorwa na Oswald Cooper wa Chicago, ikatolewa mwaka 1922. Haina pembe kali hata moja, ndiyo maana ukiitazama unatabasamu. Kampuni ya ndege ya easyJet imeandika jina lake kwayo.

Lakini hebu angalia tumbo la a na e. Unene umekula nafasi, vitundu vimebanwa. Zipunguze ziwe ndogo kama za kitabu, uzipitishe kwenye mashine ya kunakili: vitundu vinaziba, e inakuwa doa! Basi ni za vichwa na mabango tu.

O nayo ina ujanja wake. Ukiilinganisha sawasawa na H, jicho huiona fupi, hivyo mchoraji huizidisha kidogo juu na chini. Ninyi mnaoandika kuta za maduka hapa Takaba, jaribuni.

Ila kopo la dawa ya kuogeshea mbuzi, tafadhali, neno SUMU liandikwe kwa herufi kavu zenye pembe. Kwa herufi nono, mdogo wako atadhani ni sharubati.