Mji Ulioturidhisha kwa Kikombe cha Maji

Wazee wetu walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Ndivyo tulivyokuwa siku ya kwanza tulipotia mguu katika mji wa Kairo, nchini Misri. Habari zake tulikuwa nazo tangu utotoni, kwa kuwasikia wakubwa wakiwataja vijana wa pwani yetu waliokwenda kutafuta elimu katika Al-Azhar, msikiti uliofunguliwa mwaka 972. Lakini kusikia si kuona.

Twakiri kwamba saa za mwanzo hatukuupenda. Vumbi lilikuwa jingi, magari yalipiga honi bila ya kupumzika, na kila mtu alikuwa na haraka zake. Moyo ulitunong'oneza kwamba afadhali tungalibaki na Kairo ile ya vitabuni.

Adhuhuri tukapita Bab al-Futuh, lango la mawe lililojengwa mwaka 1087, tukaifuata njia ya Al-Mu'izz, iitwayo kwa jina la khalifa wa Kifatimi ambaye jeshi lake liliuasisi mji huo mwaka 969. Misikiti na madrasa za karne nyingi zimesimama pande zote mbili. Hata hivyo jua lilikuwa kali, na mwenye kiu hana jicho la kutazama minara.

Mzee mmoja, mfua shaba, alikuwa ameketi mlangoni mwa duka lake. Hakutuuliza tumetoka wapi, wala hakutuonyesha bidhaa. Alitunyoshea kidole tu mahali palipokuwa na mtungi wa udongo, na kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Tukanywa tukashiba. Tulipotia mkono mfukoni, alitikisa kichwa, akasema neno moja: "Sabili." Neno hilo nasi tunalo, kwani twasema kusabilia mali, yaani kuitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Hatua chache mbele, njia inapogawanyika, tulilikuta jengo alilolijenga Abd al-Rahman Katkhuda mwaka 1744. Chini mna madirisha yenye vyuma, ambapo wapita njia walipewa maji bure. Juu pana baraza iliyo wazi kwa upepo, ambako watoto walifundishwa Kurani na kuandika. Majengo ya namna hiyo yalikuwa mengi mjini humo. Maji yalichukuliwa na ngamia kutoka mto Nile, yakahifadhiwa katika birika za chini ya ardhi, na gharama zote zililipwa kwa kodi za maduka na nyumba zilizowekwa wakfu. Mwenye kiu ya maji na mwenye kiu ya elimu walihudumiwa chini ya paa moja.

Leo madirisha yale hayatoi maji. Jengo limebaki la kutazamwa. Tukageuka tukamwangalia yule mzee na mtungi wake. Birika la tajiri limekauka, na mtungi wa maskini umejaa! Papo hapo tukaupenda mji ule, mapenzi ambayo fahari ya minara haikuweza kuyaleta.

Enyi vijana, huenda nanyi mkasafiri mkapendezwa na taa na maghorofa. Si kosa. Lakini ulizeni pia: mgeni aliyechoka hupata nini hapa? Mtume (s.a.w.) ametusimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Ikiwa hayo ni malipo ya kumhurumia mbwa, je, mwanadamu?

Tuliporejea kwetu tuliona jambo ambalo hatukuwa tukiliona. Mbele ya baraza yetu hupita wachukuzi na watoto wa shule katika jua la mchana, na hatujapata kuwawekea hata kata ya maji. Wanetu wakaleta mtungi. Mdogo wao akauliza, "Baba, je, kikombe kikiibwa?"

Tukamjibu kwamba tutaweka kingine. Hata Kairo kikombe kilifungwa mnyororo, lakini maji hayakufungwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie miji yetu iwe ya kupendwa na mgeni tangu siku yake ya kwanza. Amin.