Je, Wajua? Wanyama wa Kiunoni mwa Samurai

Je, wajua kuwa samurai wa Japani, watu wa kukata vichwa, walipenda kutembea na picha ya kereng'ende kiunoni? Mdudu huyo alichongwa kwenye tsuba, yaani bamba la chuma linalokaa kati ya mpini na bapa la upanga. Upana wake ni sentimeta 7 au 8 hivi, na kazi yake ni kuzuia mkono usiteleze ukaingia kwenye makali. Kereng'ende aliitwa mdudu wa ushindi kwa kuwa watu waliamini huruka kwenda mbele tu, harudi nyuma. Kusema kweli anaweza kuruka kinyumenyume, lakini nani angethubutu kumwambia samurai?

Je, wajua kuwa tandu naye alisifiwa kwa kutorudi nyuma? Alihesabiwa kuwa mjumbe wa Bishamonten, mungu wa vita, na zipo tsuba zilizozungushiwa waya ukingoni mfano wa miguu yake. Lakini katika hadithi ya shujaa Fujiwara no Hidesato, tandu ni adui: mkubwa kiasi cha kuuzingira mlima mzima kando ya Ziwa Biwa. Mishale miwili ilimgonga ikaanguka. Hidesato akautemea mate mshale wa mwisho, ukapenya. Mate ya binadamu, ilisemekana, ni sumu kwa tandu.

Je, wajua kuwa vunjajungu alimsimamisha mtawala? Hadithi ilitoka China: mtawala akiwa garini aliona mdudu kainua miguu ya mbele kulizuia gurudumu. Akaambiwa huyo hajui kurudi nyuma wala hapimi nguvu zake. Mtawala akasema angekuwa mtu angekuwa shujaa wa dunia nzima, akaamuru gari limpishe. Kwa hiyo vunjajungu kwenye upanga ni ushujaa na ujuba pamoja. Mwenye upanga achague mwenyewe.

Je, wajua kuwa mafundi wengi waliochonga chui milia hawakuwahi kumwona hata mmoja? Japani haikuwa nao. Walitegemea ngozi zilizoletwa kwa meli na michoro ya China, ndiyo maana chui milia wao wana sura ya paka wa nyumbani. Wachoraji walidhani hata chui wa madoadoa ni jike la chui milia, na kwenye kuta za Kasri la Nijo, Kyoto, wamechorwa pamoja kama familia moja. Simba alipatwa na yaleyale: ana nywele za kujiviringisha na hucheza kati ya maua.

Nguruwe pori? Alisifiwa kwa kukimbia moja kwa moja bila kukata kona. Korongo ni ishara ya miaka elfu moja ya uhai, kobe elfu kumi.

Je, wajua kuwa bata bukini waliwahi kuokoa jeshi? Katika vita vya mwaka 1083 hadi 1087, jemadari Minamoto no Yoshiie aliona kundi la bata hao likivunja mstari wao angani ghafla. Akajua chini kuna watu wamejificha, akawavamia kabla hawajamvamia. Samurai aliyebeba bata kwenye tsuba yake alibeba somo la kijeshi.

Je, wajua kuwa farasi hutoka kwenye kibuyu? Chokaro, mzee wa hadithi za China asiyekufa, alisafiri na mnyama wake wa kupanda, na safari ikiisha humkunja akamtia kibuyuni. Mafundi walipenda sana mchoro huu, nami kati ya yote ndio unaonifurahisha zaidi.

Je, wajua kuwa hata jongoo bahari yumo? Miyamoto Musashi, mpiganaji aliyedai kushinda mapambano zaidi ya 60, anatajwa kuwa mbunifu wa tsuba yenye matundu mawili ya umbo la jongoo bahari. Wavuvi wa pwani yetu wanaomzamia kiumbe huyo wasingemtarajia hapo.

Je, wajua kuwa weusi wa kunguru kwenye tsuba si rangi ya kupaka? Mafundi walichanganya shaba na dhahabu kidogo, kisha wakautia mchanganyiko huo kwenye dawa hadi ukatoka mweusi wenye mng'ao wa zambarau. Shaba na fedha zilitoa kijivu.

Je, wajua kuwa upande wa mbele wa tsuba ni ule unaotazama mpini? Ndio unaoonekana upanga ukiwa kiunoni, na mchoro mara nyingi huendelea upande wa nyuma: kichwa cha joka huku, mkia kule. Ukiona picha ya tsuba kitabuni, tafuta na picha ya mgongo wake.

Je, wajua kazi hii iliishaje? Mwaka 1876 serikali ilipiga marufuku raia kuvaa panga hadharani, na mafundi wengi wakageukia vyetezo, vasi na mapambo ya kuuza ng'ambo. Fundi Kano Natsuo, aliyefariki mwaka 1898, alikuwa ameshapata mteja mwingine: serikali yenyewe. Joka lililo kwenye sarafu za kwanza za yeni ni kazi ya mkono wake.