Kaza leo, rudilia kesho: tiyo ya plastiki na buloni zake

Siye watu wa Kilwa tunajua njia yenye shaba ya Dikulushi ilikuwa inapita: kamyo mpaka huku ku ziwa Mweru, kisha bwato kubwa mpaka Zambia. Lakini ku migodi mingi, mbele shaba itoke, mayi inapaswa kutoka kwanza. Mara mingi inapita mu matiyo meusi ya plastiki, yenye mafundi wanaita poliyetileni.

Mahali matiyo mawili yanakutana, kuko pete mbili za chuma. Buloni zinazikaza, nazo zinabana midomo ya plastiki. Fundi anakaza muzuri, hakuna tone, anaenda. Kesho yake mayi iko inadonda. Alikaza mubaya? Hapana. Njo tabia ya plastiki.

Buloni ni kama resori: ukiikaza inavutika kidogo sana, na ile mvuto njo inabana. Chuma kinavumilia. Plastiki yenyewe ni kama bukari chini ya kidole: inalegea polepole, inapungua unene. Hapo buloni inarudi kuwa fupi, mvuto unapotea, hata kama hakuna mutu aliyeifungua.

Jua nalo linaongeza. Joto likipanda digri 30, tiyo ya chuma ya metre 10 inarefuka karibu milimita 4. Ya plastiki inaweza kufika sentimita 5 ao 6.

Siku hizi mainjinia wanapima hayo yote kwa ordinatere mbele ya kununua tiyo. Wanakata mchoro vipande maelfu, na mashine inahesabu nguvu ya kila kipande. Kosa moja linaharibisha hesabu: kuhesabu plastiki kama chuma, ao kuipima siku ya kwanza tu. Ordinatere itasema «ni sawa», mayi itasema ingine. Inafaa kuingiza joto na wakati: saa ya kwanza, siku ya kwanza, mwaka wa 10.

Ku kazi, sheria ni nyepesi. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, na ufunguo unaopima nguvu. Ngoja saa 4 mpaka 24, kisha rudilia zote, bila presha mu tiyo. Usipitishe kipimo: plastiki itapondeka.

Mama, bwana akichelewa kurudi kwa sababu walirudilia buloni, usikasirike. Tiyo ikiachia, mayi inarudi kule chini. Na kule chini kuko watu.